Tunu na Cheni Iliyopauka

Sogeeni hapa karibu. Mwenye kamasi afute, mwenye karanga agawe. Nina habari ya Tunu, na nimeibana kifuani tangu asubuhi.

Tunu alikuwa msichana mdogo, miguu mirefu kama ya korongo. Aliishi Singida, kule kwenye mawe makubwa, mawe kama tembo waliolala.

Nyumbani walikuwa Tunu na mama yake. Na kuku.

Kuku wekundu, kuku weusi, kuku wa madoadoa. Na mmoja hana hata unyoya shingoni. Huyo aliitwa Kishingo, na alikuwa mmbeya kuliko kuku wote.

Mama alikuwa na pikipiki nyekundu. Ya kwake mwenyewe, usimuulize mtu.

Kazi ya Mama ilikuwa kuwachanja kuku wa vijijini wasife na mdondo. Mdondo ni ugonjwa mbaya wa kuku. Chanjo yake ni tone dogo tu, kwenye jicho.

Mama akimshika kuku, Tunu anadondosha. Ti. Basi. Halimwagiki, halizidi.

Kuku wa vijiji vyote walimjua Mama. Wakimsikia tu, wanakimbilia uvunguni mwa kitanda. Vichwa ndani, mikia nje. Wanadhani wamejificha, masikini.

Na walimsikia tangu mbali, maana pikipiki yake ilikuwa na jambo.

Ilikuwa kiangazi. Vumbi barabarani, vumbi kwenye nyusi, vumbi mpaka kwenye uji. Pikipiki ikipita, inalia hivi:

Kwiki-kwaru, kwiki-kwaru.
Cheni inalia, jamani, cheni inalia.

Cheni ni ule mnyororo wa pembeni. Injini inavuta cheni, cheni inavuta gurudumu la nyuma, na Mama anaenda. Sasa ile ya Mama ilikuwa kavu. Kavu kama mkate wa juzi.

Jirani yao, Baba Ntandu, mwenye tumbo lake zuri la mbele, alimuuliza Mama kama siku hizi anapakia panya. Mama akamjibu kwamba amempakia mke wa panya, panya mwenyewe kamwacha kwa Baba Ntandu. Walicheka hao, mpaka Kishingo akaja kuuliza kuna nini.

Kila siku Mama alisema cheni ataishughulikia kesho. Kesho ikija, ina kijiji chake na kuku wake. Cheni inangoja.

Kwiki-kwaru, kwiki-kwaru.
Cheni inalia, jamani, cheni inalia.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe.

Mama mdogo Asteria, mdogo wake Mama, alijifungua. Mtoto wa kike, mashavu kama maandazi. Bibi akatuma neno kwamba Jumamosi mtoto anatolewa nje, apewe jina.

Na jina lenyewe ni Tunu.

Tunu alipoambiwa, alijigusa kifua kwanza. Halafu akauliza polepole, "Tunu kama mimi?"

"Kama wewe," Mama akasema. "Wewe ndiye somo wake."

Somo ni mtu mnayechangia jina. Ni kama kuchangia shuka, ila shuka mnavutania, jina hamvutanii.

Kwa Bibi walikuwa na desturi yao. Mtoto akitoka nje mara ya kwanza, somo wake ndiye anambeba kuvuka mlango. Akishavuka, anamnong'oneza jina sikioni. Kabla ya hapo mtoto hana jina. Anaitwa Mgeni tu.

Na saa yake inajulikana. Nje kwa Bibi kuna jiwe kubwa. Kivuli cha jiwe kikifika mlangoni, mtoto anatoka. Hasubiriwi mtu, hata awe nani.

Somo asipofika, anabeba msichana mwingine aliyepo. Na mtoto anachukua jina la huyo.

Na msichana mwingine alikuwepo. Alikuwepo sana. Rozi, binti wa mjomba, alikuwa ameshanawa mikono tangu Alhamisi.

Ijumaa jioni Mama alimwogesha Tunu. Miguu ya Tunu ilikuwa imepauka kwa vumbi, myeupe kama imepakwa unga. Mama akampaka mafuta ya alizeti. Miguu ikang'aa. Tunu akawa anajiona mpaka kwenye magoti.

Mama akaingia jikoni kusonga ugali.

Tunu akaiangalia pikipiki. Akaiangalia cheni. Nayo ilikuwa imepauka, tena kuliko miguu yake.

Akafikiri: kesho tunaenda mbali. Ikilia njia nzima, itachoka. Ikichoka, itasimama. Ikisimama, mtoto ataitwa Rozi.

Mtoto wa watu akaichukua ile chupa ya alizeti.

Alizeti yenyewe ilikuwa ya kukamua pale pale kijijini. Juu mafuta, chini machicha, vipande vipande vya mbegu. Tunu akaitikisa vizuri, kama anavyomwona Mama akitikisa dawa.

Akamimina. Si tone, hapana. Alimimina kwa mapenzi yote. Glu, glu, glu.

Akaisugua kwa kiganja. Akaiambia pole. Halafu akaenda kula ugali wake, akalala, roho nyeupe.

Na upepo wa Singida ukaja, na vumbi lake mkononi.

Asubuhi Tunu alisikia kelele uani.

Ko-ko-ko. Do, do, do. Ko-ko-ko. Do, do, do.

Akatoka mbio. Jamani.

Kuku wote walikuwa kwenye pikipiki. Wekundu, weusi, wa madoadoa. Wale wale wanaoikimbia kila siku, leo wameizunguka kama wageni kwenye sinia la pilau. Wanadonoa cheni.

Kishingo alikuwa amepanda juu kabisa, kwenye kiti. Anaelekeza wenzake.

Mama akatoka na mswaki mdomoni. Akawaangalia kuku. Akaiangalia cheni. Haikuwa cheni tena, ilikuwa kashata. Mafuta, vumbi, mbegu, na unyoya mmoja umeganda pembeni.

Akaisukuma pikipiki kidogo tu.

Krrr. Krrr. Kwaruuu.

Ilikuwa imezidi kuliko jana.

Tunu akasogea karibu na Mama. Akasema, "Ilikuwa imepauka. Nikaipaka kama unavyonipaka mimi."

Mama alifungua mdomo. Alitaka kusema neno. Badala yake kikatoka kicheko, mswaki ukaruka. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri.

Akamvuta Tunu mapajani. Akamwambia kwamba kosa si lake peke yake. Yeye alisema kesho, kesho, kesho, na cheni ikamngoja mpaka mtoto akaihurumia.

Tunu akauliza kama watafika. Kivuli cha jiwe hakisubiri.

Mama akaliangalia jua. Jua lilikuwa bado changa. Akasema wakienda hivi hivi, cheni itaruka mlimani, na hawatafika kabisa. Wakiisafisha vizuri, labda watafika.

Labda. Neno dogo, lakini lilimkaa Tunu tumboni kama kiporo.

Wakaanza kazi.

Mama alizima kila kitu, ufunguo akautia mfukoni. Akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likaelea juu ya ardhi. Akaleta kopo la mafuta ya taa, mswaki mkuukuu na matambara.

Halafu akatoa sheria. Gurudumu likisimama, Tunu anasugua. Gurudumu likizunguka, mikono ya Tunu inakaa nyuma ya mgongo. Maana lile gurudumu lina meno, na meno yake hayachagui kidole cha nani.

Sugua, sugua, futa.
Uchafu toka, kuku ondoka.

Vumbi likatoka. Mbegu zikatoka. Unyoya ukatoka.

Mama anazungusha, mikono ya Tunu nyuma. Gurudumu linasimama, mswaki unaingia.

Sugua, sugua, futa.
Uchafu toka, kuku ondoka.

Kishingo hakuondoka. Alisimama pembeni, shingo yake tupu ameinyoosha, anaangalia kama fundi mkuu.

Wakafuta kwa tambara kavu, tena na tena, mpaka tambara likatoka safi. Cheni ikaonekana. Kumbe ilikuwa nzuri, ina rangi ya sufuria jipya.

Tunu akauliza kama sasa wanaweza kwenda.

Bado.

Mama akabonyeza cheni kwa kidole. Ilikuwa imelegea. Ilining'inia kama tumbo la Baba Ntandu. Akachukua spana, akalegeza nati, akavuta gurudumu nyuma kidogo, upande huu na upande huu, akakaza tena. Akabonyeza. Sasa ilicheza kidogo tu. Mama akasema cheni haitakiwi ikaze kama kamba ya mbuzi, wala ilegee kama soksi ya mlevi.

Tunu aliangalia kivuli chake mwenyewe. Kilikuwa kinazidi kuwa kifupi.

Sasa tunaenda?

Bado.

Mama akatoa kichupa cha oili, chenye mdomo mrefu mwembamba. Oili ya cheni kweli, si ya kukaangia. Akamkabidhi Tunu.

Hapo Tunu akatulia. Kazi hii aliijua. Ni kama jicho la kuku.

Ti, tone. Zungusha kidogo.
Ti, tone. Zungusha kidogo.

Kila kiungo cha cheni kilipata tone lake. Hakuna kilichorukwa, hakuna kilichozidishiwa. Tunu ulimi nje, pembeni ya mdomo, anadondosha.

Ti, tone. Zungusha kidogo.
Ti, tone. Zungusha kidogo.

Cheni ikazunguka yote, ikarudi pale ilipoanzia. Tunu akaruka juu, akachukua helmeti yake.

"Bado," Mama akasema.

Hapo Tunu akalia. Machozi ya kweli, makubwa. Alisema mikono ya Rozi ni safi. Alisema mtoto wake ataibiwa.

Mama akachuchumaa mbele yake.

"Oili ya nje ni ya kuonekana tu," akamwambia. "Ya ndani ndiyo inafanya kazi. Tuiache iingie."

Wakakaa kizingitini. Mama akamsuka nywele za mbele zilizofumuka. Kishingo naye akakaa.

Kungoja ni kazi, wanangu, acheni kabisa. Tunu alingoja kwa miguu, ikawa inatikisika. Alingoja kwa macho. Alingoja mpaka akapata kwikwi.

Halafu Mama akachukua tambara, akaifuta cheni mara ya mwisho. Oili iliyobaki nje ikatoka. Akamwonyesha Tunu kwamba ikibaki inashika vumbi, na vumbi likishika, ni kashata tena.

Basi, wakavaa. Tunu gauni lake la njano, Mama kitenge kingine kisicho na vumbi. Tunu akakaa nyuma, akafungwa kanga kiunoni, yeye na Mama wakawa mtu mmoja mwenye vichwa viwili.

Mama akapiga kiki. Pikipiki ikaondoka.

Tunu akatega sikio chini.

Shwii, shwii, shwii.
Cheni imenyamaza, jamani, cheni imenyamaza.

Wakapita mashamba ya alizeti, maua yote yameinama kama wanafunzi waliochelewa. Wakapita mbuga. Wakafika kwenye mlima wa mawe.

Huu ndio mlima. Tunu akafumba macho, akashika kiuno cha Mama. Pikipiki ikapanda, ikapanda, ikahema. Jiwe, bonde, jiwe. Cheni ikavuta, haikuruka, haikulia.

Shwii, shwii, shwii.
Cheni imenyamaza, jamani, cheni imenyamaza.

Juu. Tunu akafumbua macho. Chini aliona nyumba ya Bibi, na jiwe kubwa, na watu wengi wenye kanga za rangi.

Na aliona kivuli. Kilikuwa kinakaribia mlango.

Sasa hapa ndipo nachoka mimi.

Bibi alikuwa amesimama uani tangu zamani, ametega sikio. Pikipiki zilikuwa zinapita nyingi siku hiyo, zinaleta wageni. Ya Mama Tunu, Bibi aliijua kwa kilio chake. Alikuwa anangoja kwiki-kwaru. Hakusikia kwiki, hakusikia kwaru.

Akawaangalia kuku wake pia. Hakuna aliyekimbilia uvunguni. Wote wanachakura tu.

Bibi akashusha pumzi. Akasema Tunu haji. Akamwita Rozi.

Rozi akanyoosha mikono yake safi. Mama mdogo Asteria akamtoa Mgeni kifuani, taratibu, amefunikwa kanga nyeupe.

Pikipiki ikasimama nyuma ya nyumba, pole pole. Mama akafungua fundo la kanga, Tunu akateleza chini, akakimbia. Miguu ile ya korongo, leo ilifanya kazi yake.

"Bibi, nimefika," akasema, anahema. "Nimefika kimya."

Watu wote uani wakageuka. Kuku wakamwona Mama, na hapo ndipo wakakumbuka. Mbio, uvunguni. Vichwa ndani, mikia nje.

Bibi akashika mdomo. Alifurahi, halafu akaiangalia mikono ya Tunu.

Mikono ilikuwa myeusi; kwa haraka ya kuondoka, hakuna aliyekumbuka kunawa. Oili kwenye kucha, oili kwenye mistari ya viganja, mpaka kwenye kiwiko. Ukimbeba mtoto na mikono hiyo, anatoka pundamilia.

Kivuli kilikuwa kimefika kwenye ngazi.

Rozi alimwangalia Tunu. Aliiangalia mikono yake mwenyewe, safi, iliyooshwa tangu Alhamisi. Alimwangalia mtoto pia, kwa muda mrefu kidogo. Alimtaka, nawaambia kweli. Alimtaka sana.

Halafu Rozi akakimbia. Akarudi na kopo la maji, sabuni na majivu ya jikoni.

"Lete mikono," Rozi akasema. "Haraka, sugua."

Rozi akamimina, Tunu akasugua. Majivu, sabuni, maji. Majivu, sabuni, maji. Rozi akamsugulia hata kucha, kwa nguvu, mpaka Tunu akakunja uso.

Mikono ikatakata. Kwenye kucha kulibaki weusi kidogo, kama mstari wa kalamu. Bibi akasema huo si uchafu, huo ni wanja.

Kivuli kikagusa mlango.

Tunu akaingia ndani. Akanyoosha mikono. Mama mdogo Asteria akamweka mtoto pale, na Bibi akashika chini, kwa usalama. Mtoto alikuwa mzito na wa moto, kama kikapu cha mkate.

Tunu akavuka mlango. Hatua ndogo, hatua ndogo. Rozi alitembea pembeni, ameshika kanga juu yao, jua lisimpige mtoto.

Nje watu wote walinyamaza. Hata Baba Ntandu angenyamaza, angekuwepo.

Tunu akainama kwenye sikio dogo, laini, kama ua la mboga.

Akanong'ona, "Tunu. Ni jina lako. Ni langu pia, tutalitumia wote."

Mtoto akapiga mwayo mkubwa, mdomo mzima. Bibi akasema amelipokea.

Hapo sasa vigelegele. Li-li-li-li-li. Vilienda mpaka ng'ambo ya mbuga, na mimi vilinifikia jikoni kwangu.

Wakala, wakacheza ngoma, wakala tena. Rozi na Tunu walikula sahani moja, na Rozi akataka kujua hiyo oili inadondoshwaje. Tunu akamwonyesha kwa mchuzi na kijiko. Ti. Ti. Gauni la njano likapata lake.

Jua likashuka nyuma ya mawe. Wageni wakaondoka. Mama akaitandika mikeka chumbani kwa Bibi, akamlaza Tunu upande mmoja, Rozi upande mwingine, na mtoto katikati, Mama mdogo Asteria akalala kichwani pao.

Bibi akachungulia mlangoni.

"Tunu, umelala?" akauliza.

Tunu akafikiri kidogo. "Tunu yupi, Bibi?"

Bibi akacheka kwa kuziba mdomo, asiwaamshe. Akasema wote wawili.

Tunu akamwangalia mwenzake. Ngumi ndogo imefungwa, mdomo uko wazi, pumzi inaingia na kutoka.

"Mdogo amelala," akasema. "Mkubwa bado kidogo."

Bibi akasema atamngoja mkubwa. Akakaa pale mkekani, akamwekea mkono mgongoni.

Hakungoja sana.